Mtutu wa bunduki ya upepo: usilegee, na bunduki ilale salama

Kama unapiga shabaha ya mita 10 anza na hesabu hii ndogo, maana ndo itakufanya uuheshimu mtutu. Mtutu wa sentimita 42 ukihama milimita 0.1 tu pale mdomoni, unene wa karatasi hivi, risasi kule mbele inahama zaidi ya milimita 2, na kile kidoti cha katikati cha pointi kumi kina upana wa milimita 0.5. Kwa hiyo ukiona risasi zinatawanyika usikimbilie kulaumu macho yako.

Ugumu wa mtutu unatokana sana na unene. Ukiongeza unene mara 2 ugumu unapanda karibu mara 16, ila ukirefusha mara 2 unapinda mara 8 kwa nguvu ileile, ndo maana mtutu mwembamba mrefu uliofungwa nyuma tu unasumbuliwa hata na kuwekewa uzito mdomoni au kushikwa ovyo. Usibebe bunduki kwa mtutu, tafadhali.

Kupima ni rahisi. Piga risasi 5 ukiwa umeegemeza vizuri, kisha hakikisha bunduki ni tupu, sukuma mdomo wa mtutu taratibu kushoto, uachie, piga 5 nyingine, halafu fanya hivyohivyo kulia. Ukipata mafungu yaliyoachana, kuna kitu kimelegea, angalia skrubu zinazoshika mtutu nyuma. Pitisha pia karatasi kati ya mtutu na silinda, ile chupa ya hewa iliyo chini yake, kama mtutu wako umetengenezwa usiguse kitu na karatasi inakwama mahali basi umepata mchawi, maana silinda inatanuka kidogo ikijazwa na inausukuma mtutu, asubuhi unapiga hapa na baada ya risasi 50 unapiga pale.

Sasa kuhifadhi. Kwanza kabisa fungua komeo uangalie kwa macho kwamba hamna risasi, hata kama una uhakika, hata kama umeitoa mwenyewe dakika 2 zilizopita, na upitishe ule uzi wa plastiki wa usalama ndani ya mtutu. Bunduki ya springi usiiache imekokiwa, springi inachoka na ni hatari. Ya silinda ibakize na hewa kiasi ili mipira inayozuia hewa isivuje ikae mahali pake, ila usiiache kwenye gari juani, hewa ya baa 200 ikipata joto presha inapanda. Angalia na tarehe ya mwisho iliyogongwa kwenye silinda, ikipita usiijaze tena.

Kabatini isimame kwenye kishikio kinachobeba kitako, au ilale huku uzito ukibebwa na mbao na siyo mtutu. Lile begi la sponji ni la safari tu, sponji inashika unyevu na chuma kinaota kutu upande usiouona, nimeona mitutu mizuri imeharibika hivyo na inauma. Futa jasho la mikono, paka oili kidogo sana nje, lakini oili ya kawaida isikaribie valvu wala mahali pa kujazia hewa, kwa presha ile inaweza kulipuka, pale ni grisi ya silikoni tu.

Kabati lifungwe kwa kufuli, risasi zikae kwingine zimefungiwa, na funguo utembee nazo wewe. Watoto wanajua mnapoficha vitu, na risasi ya upepo inatoboa jicho.