Jinsi ya kuacha kumlipa Mungu ukishaanguka

Hii naiandika kwa mtu ameokoka, kanisani anaenda, lakini akikosea kidogo anakaa wiki nzima haombi manake anaona aibu, anataka kwanza ajirekebishe ndo arudi. Hapa Busia nimewaona wengi. Kuna mama mmoja anauza mukene, wale dagaa wadogo, sokoni, siku moja akanionyesha daftari la shule, amechora mistari kwa rula, huku maombi, huku kufunga, huku sadaka, kila siku anaweka tiki. Alafu wiki mbili ziko tupu kabisa, mtoto alikuwa na malaria. Akaniambia, "Ndugu, nikishafidia hizi siku ndo nitaweza kuongea na Mungu." Roho iliniuma sana.

Kwa hiyo anza na Waefeso 2, mstari wa 8 mpaka wa 10, usiishie wa 9 kama wengi tunavyofanya. Wa 8 na 9 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ni kipawa cha Mungu, si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Wa 10 ndo inaleta matendo mema. Angalia yamekaa wapi, yako nyuma ya wokovu, hayako mbele. Soma kwa sauti, kwa lugha unayoota nayo usiku, Kiswahili, Luganda, Lusamia, yoyote.

Ukitoka hapo soma Warumi 4:4. Ukimlimia mtu kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi akakupa hela yako, hiyo si zawadi, ni jasho lako. Sasa wokovu ungekuwa hivyo Mungu angekuwa anadaiwa na sisi, na Kristo angekuwa amekufa bure, Paulo anawaambia hivyo hivyo Wagalatia 2:21.

Kazi yenyewe iko hapa. Siku umeanguka, umedanganya mteja, umemtukana mkeo, omba siku hiyo hiyo, kabla hujalala, kabla hujafunga wala kutoa chochote. Taja dhambi kwa jina lake, usijifiche kwenye "makosa yangu yote". Shukuru kwa damu ya Yesu, alafu inuka uende kwa mkeo umwombe msamaha. Balokole, yaani waliookoka wa uamsho wa Uganda, hii wanaijua, wazee wetu walikuwa wanatubu wazi mbele ya ndugu. Mwaka 1929 pale Namirembe, Kampala, Mganda mmoja Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari mmisionari wa Kiingereza, wakasoma Biblia wakaomba pamoja, na wote walikuwa tayari ni Wakristo lakini kila mmoja alikuwa na njaa bado. Uamsho ulioenea Afrika Mashariki mizizi yake moja iko pale.

Mtu atakuuliza, basi tutende dhambi tu? Mpeleke kwa Zakayo, Luka 19. Yesu alijialika nyumbani kwake mtu akiwa bado na pesa za dhuluma, watu wakanung'unika, na ndipo Zakayo akasimama akasema nusu ya mali kwa maskini, aliyemdhulumu anamrudishia mara 4. Hakuna mtu alimdai mlangoni.

Na akikwambia "mimi sistahili", usikimbilie kumbembeleza. Mwambie ndiyo, hustahili, hata mimi. Yule mama nilimwambia hivyo, akanyamaza, akafunga daftari, tukaomba palepale kwenye meza ya mukene wateja wakisubiri.