Ukichoka kutoboa karatasi ileile na .22

Kama una bunduki ya .22 (ile ya risasi ndogo) na umeanza kupiga miayo pale uwanjani, jaribu hivi. Chukua kizibo cha soda, kizungushie kalamu kwenye karatasi tupu mara kumi. Kila duara lina upana wa kama sentimita 3. Weka mita 50, duara moja risasi moja, hakuna kurudia. Ukikosa, umekosa. Utashangaa mkono unavyoanza kutetemeka, na ni kizibo tu! (Wanaoshindana Olimpiki kwa umbali huohuo wana duara la kati, lile la alama kumi, lenye upana wa milimita 10.4, kwa hiyo tusijisifu sana.)

Halafu ondoka kwenye meza ya kuegemeza bunduki. Risasi tano ukiwa umelala, tano umepiga goti, tano umesimama. Hapo kusimama ndipo wazee wa Jumamosi hunyamaza. Sisi anayeshindwa hununua chai na mandazi njiani tukirudi mjini, na nimenunua sana.

Siku ya upepo usirudi nyumbani. Risasi ya .22 ni nyepesi na ya polepole, upepo huisukuma bila huruma. Funga utepe wa kitambaa karibu na shabaha, uusome kabla ya kufyatua.

Ila usifyatue mazoezi bila kitu chemberini, yaani pale risasi inapokaa. Kwa bunduki nyingi za .22, pini ya kufyatulia hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Weka ganda lililokwisha kupigwa, ukizungusha kila mara.