Sailensi ya injini kwa hesabu: usisahau uchelewaji

Modeli yangu ya kwanza ya sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) ilitulia kama maji mtungini, lakini kwenye kompyuta tu. Nilipopeleka namba zake kwenye injini yenyewe, RPM (mizunguko kwa dakika) ikawa inapanda na kushuka bila kukoma. Hesabu za nguvu zilikuwa sawa. Nilichosahau ni muda.

Tuchukue injini ya petroli ya silinda 4, lita 1.6, sailensi RPM 750. Usihangaike na kila mlipuko, tumia wastani.

Anza na hewa. Presha ndani ya manifoldi (chemba ya hewa kati ya throto na silinda) iwe kPa 35, nje 100. Uwiano wa ya ndani kwa ya nje ukiwa chini ya 0.53, hewa inayopita kwenye throto (vali ya kuingiza hewa) imeshafika kasi ya sauti, kwa hiyo presha ya manifoldi haiibadilishi tena. Unabaki na uwazi wa throto peke yake. Hapo umeokoa ukurasa mzima wa hesabu.

Hewa inayovutwa na silinda: msongamano, mara ufanisi wa ujazo (weka 0.7), mara lita 1.6, mara mizunguko kwa sekunde, gawa kwa 2, kwa kuwa kila silinda huvuta hewa mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa joto la kelvini 310 unapata takriban gramu 2.75 kwa sekunde. Ukipata 5.5, hukugawa kwa 2. Manifoldi ya lita 3 hapo huchukua kama sekunde 0.43 kufika asilimia 63 ya presha mpya.

Kasi ya mzunguko inavyobadilika ni rahisi: torki (nguvu ya kuzungusha) ya injini toa msuguano toa mzigo, gawa kwa inesha (ukinzani wa kubadili mzunguko) ya krenki na flaiwili, tuseme 0.15 kg·m².

Sasa uchelewaji. Hewa inayovutwa sasa hivi hutoa torki baada ya karibu mzunguko mmoja, yaani milisekunde 80. Kompresa ya AC ikidaka na Nm 10: 10 ÷ 0.15 × 0.08 ni radiani 5.3 kwa sekunde. RPM 50 zimeshaondoka kabla hewa uliyoongeza haijafanya lolote, na manifoldi bado inajaa!

Ndiyo maana taiming (wakati wa cheche kuwaka) huchelewishwa kidogo makusudi. Cheche inayofuata haiko mbali zaidi ya milisekunde 40. Ukiiwahisha, torki inakuja papo hapo. Cheche ishike mishtuko, throto ifuate taratibu, na kilimbikizi cha makosa (sehemu inayojumlisha tofauti ya RPM na lengo kadiri muda unavyopita) kiwe upande wa throto tu.

Uchelewaji uandike kwa nyuzi za krenki, usiuandike kwa milisekunde. Kwenye RPM 600 ni milisekunde 100, na huko ndiko modeli inapoanza kuyumba. Ijaribu huko kwanza.