Kufunga kompresa ya studio kwa sauti ya mwimbaji

Kompresa, kifaa kinachobana sauti inapozidi kiwango, ichomeke baada ya priampu (kikuza ishara), si kabla: ishara ya maikrofoni ni dhaifu mno. Ukipitia insati ya miksa (tundu la kutoa ishara ya chaneli na kuirudisha), waya wa Y una ncha ya kutuma na ya kurudisha. Ukizibadilisha, chaneli inakaa kimya.

Anza na uwiano wa 3:1 (desibeli 3 zinazozidi hutoka 1), ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 15, rilizi (muda wa kuachia) 100. Shusha kizingiti, yaani kiwango ambacho ubanaji huanzia, mpaka sindano ionyeshe upunguzaji wa desibeli 3 hadi 6 anapopaza, irudi sifuri akivuta pumzi. Hairudi? Rilizi ndefu, au kizingiti kiko chini mno. Ataki fupi sana hula "p" na "t".

Fidia desibeli zilizopungua kabla ya kulinganisha kwa baipasi (kupitisha sauti bila kubanwa), maana sikio hupendelea sauti kubwa. Ukizidisha ubanaji, hata feni ya chumbani itasikika.