Kuunda bodi ya kituo cha sanaa za maonesho: nani akae, nani awe mlezi, na hesabu wanazopaswa kuzijua

Kabla ya kumwalika mfanyabiashara au kiongozi yeyote, fungueni hati yenu ya usajili. Tanzania Bara kituo cha sanaa kinaweza kuwa NGO chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002; vingine vilisajiliwa kama kampuni isiyo na hisa, au chombo chenye wadhamini waliosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini). Zanzibar ina sheria zake. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, ni wakala wa serikali, kwa hiyo bodi ya taasisi kama hiyo hufuata utaratibu mwingine na mwongozo huu hauigusi. Penye wadhamini na bodi kwa pamoja, andikeni kabisa kwamba wadhamini wanashika mali (kiwanja, jengo, piano) na bodi inaongoza shughuli. Msipoandika, siku ya kurefusha pango la ukumbi hamtajua saini ya nani inatakiwa.

Wakubwa wapeni ulezi

Mbunge, mkuu wa wilaya na tajiri asiye na muda wanafaa kuwa walezi. Mlezi anakuwa mgeni rasmi wa harambee, anapiga simu pale barua yenu ilipokwama wizarani, na basi. Hapigi kura wala hahesabiwi kwenye akidi. Mkimfanya mjumbe wa bodi, ama hatakuja na vikao vitaahirishwa kwa kukosa akidi, ama atakuja na hakuna atakayethubutu kumpinga. Ikifika mwaka wa uchaguzi ukumbi utaombwa bure kwa mkutano wa chama, na kumkatalia mlezi kuna nafuu kuliko kumkatalia mwenyekiti wa bodi.

Viongozi wa jamii wanaofaa bodini ni wale wenye kazi mahususi: afisa utamaduni mstaafu anayejua njia ya vibali, mwalimu mkuu anayeweza kuleta shule kwenye maonesho ya mchana, na hasa mwenyekiti wa mtaa ulipo ukumbi. Huyu husahaulika, ilhali malalamiko ya kelele na maegesho huanzia kwake.

Wajumbe 9 wanatosha. Chora jedwali: majina upande mmoja, na upande mwingine uhasibu, sheria, ujenzi, masoko, ualimu, na sanaa yenyewe (wasanii wasipungue wawili). Alika kujaza tundu. Wafanyabiashara watano wanaofahamiana msikitini au klabu moja ni sawa na mjumbe mmoja mwenye kura tano. Muda uwe miaka 3, usizidi vipindi viwili, na kila mwaka muda wa watatu ufike mwisho ili kumbukumbu ya kazi isiondoke yote kwa pamoja.

Barua ya mwaliko itaje namba

Vikao vinne kwa mwaka, kamati moja, na angalau maonesho manne ya kuhudhuria kwa tiketi ya kulipia. Mchango nao utajwe: kwa mfano shilingi milioni 2 kwa mwaka, atoe mwenyewe au atafute kwa wengine. Msanii na mwalimu wasamehewe fedha, wadaiwe kazi. Udhamini wa kampuni ya mjumbe uwe na mkataba wake, mbali na mchango wake binafsi, la sivyo akihama kampuni na udhamini unahama naye.

Posho ya kikao ndilo jambo ambalo wengi wanaona haya kulitaja. Litajeni humo humo kwenye barua: hakuna posho, kuna nauli tu. Wajumbe 9 kwa shilingi 100,000 kila kikao, vikao vinne, ni 3,600,000, na mfadhili akipitia vitabu atauliza kwa nini bodi inakula kuliko wacheza ngoma.

Hesabu ya onesho moja

Mjumbe mpya apewe karatasi hii siku ya kwanza. Chukua ukumbi wa viti 300, kiingilio 10,000. Nusu ya viti ikiuzwa ni 1,500,000. Matumizi ya usiku huo: wasanii 800,000, mafundi wa sauti na taa 350,000, matangazo 200,000, mafuta ya jenereta 150,000, ulinzi na usafi 120,000. Jumla 1,620,000. Mmepata hasara ya 120,000, na hapo mishahara ya ofisi na pango havijaingia.

Mwenye duka akiona viti vitupu atasema ongezeni maonesho. Dukani ana haki, hapa hana: maonesho 40 ya namna hii ni hasara ya 4,800,000. Swali la bodi ni nani analipia pengo hilo. Ukodishaji wa ukumbi kwa harusi na semina utaliziba kiasi, lakini bila mpaka utakula Jumamosi zote, na baada ya mwaka mmoja watu watalijua jengo kama ukumbi wa harusi. Tengeni tangu Januari Ijumaa na Jumamosi za sanaa zisizokodishwa kwa bei yoyote.

Kila kikao kipewe mtiririko wa fedha wa miezi 6 ijayo, maana taarifa ya mwaka jana haioneshi mwezi ambao mishahara itakosekana. Akiba ya miezi 3 ya mishahara, umeme na pango ikae kwenye akaunti yake yenye saini mbili. Jina kubwa si kinga: Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar lililoanza 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarudi 2017.

Mjumbe mwenye cha kuuza

Mwenye hoteli, mwenye kiwanda cha uchapaji na mkandarasi wote watataka kuwasaidia, na wote wana bidhaa. Kila Januari kila mjumbe ajaze daftari la maslahi. Jambo lake likifika mezani atoke chumbani, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Bei zitafutwe sehemu tatu.

Kazi ya bure ndiyo hatari zaidi. Mkandarasi anajitolea kukarabati ukumbi, anatandika vigae sakafuni na kupiga lipu laini ukutani kama ofisi ya benki. Ukumbi unang'aa, lakini maneno ya mwigizaji yanarudi kwa mwangwi hadi safu ya tano haielewi kitu. Kwa kuwa ilikuwa bure, hakuna wa kulalamika. Hata kazi ya kujitolea iwe na mkataba, mchoro, na sahihi ya fundi sauti kabla ya nyundo ya kwanza.

Mpaka mwingine ni programu, yaani uchaguzi wa maonesho. Bodi inapitisha bajeti na sera; mkurugenzi wa sanaa anachagua kazi. Mjumbe aliyechukizwa na igizo amwone mwenyekiti, asiende nyuma ya jukwaa kuwafokea waigizaji.

Kikao chenyewe

Makabrasha yatoke siku 7 kabla. Fedha zitangulie, kisha yatokanayo, kwa sababu kuanzia saa kumi na mbili jioni watu wanaanza kuaga. Katiba iseme kwamba asiyehudhuria mara tatu mfululizo bila udhuru kiti chake kimekuwa wazi, na katibu atume barua wiki hiyo hiyo. Mkisubiri mwenyekiti ampigie simu bwana mkubwa kumweleza, kiti kitabaki na jina lake hadi muda uishe.