Kuanzisha kijiwe cha waliopata kiharusi: choo, bao na gunia la mchicha

Kikundi kinachoanza kwa semina huishia kwenye semina. Watu huja mara mbili, husikia tena habari za chumvi na presha, kisha hawaonekani. Kinachomtoa mtu nyumbani ni kijiwe chenye bao, utani na kazi ya mikono. Hapa tunaeleza namna ya kukiunda mtaani, mara moja kwa wiki, kwa watu wanane hadi kumi na wawili pamoja na walezi wao.

Tafuta mahali kabla ya kutafuta watu. Ofisi ya serikali ya mtaa, ukumbi wa msikiti au kanisa, hata baraza yenye kivuli inatosha, ila choo ndicho cha kukaguliwa kwanza. Asiyeweza kuchuchumaa huacha kunywa maji tangu alfajiri ili asibanwe, na wiki inayofuata haji wala hasemi kwa nini. Seremala atoboe kiti imara cha mbao, kikae juu ya tundu. Ukutani fungeni bomba la chuma la kushikia pande zote mbili, maana mmoja hana mkono wa kulia wa kutegemea na mwingine hana wa kushoto. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 au zaidi. Penye kizingiti, kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za mteremko. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka ubao wa sentimita 180. Ubao mfupi ndio unaopindua kiti cha magurudumu kinyumenyume.

Viti vya plastiki visivyo na mikono viacheni kwa ajili ya harusi. Kiti kiwe na mikono, kimo cha sentimita 45 hadi 50, na mgongo wake uegemee ukuta ili kisiteleze mtu anapoinuka.

Saa tatu hadi saa tano asubuhi ndio muda mzuri: dawa zimeshanywewa, jua halijakaza, na msukosuko wa daladala umepungua. Uchovu baada ya kiharusi ni sehemu ya ugonjwa, si uvivu, kwa hiyo dakika 20 za mchezo zifuatwe na mapumziko. Usafiri huua vikundi kuliko kitu kingine chochote. Bajaji moja ichukue wawili wa njia moja na mlezi mmoja, na dereva awe yuleyule kila wiki ili afundishwe. Asimame upande uliolegea, ashike mkanda wa suruali au khanga iliyofungwa kiunoni, na kamwe asivute mkono mgonjwa. Misuli ya bega imelegea. Ukiuvuta, mfupa hushuka kutoka mahali pake, na maumivu yake huweza kudumu miezi.

Kila mwanachama awe na ukurasa wake daftarini: upande uliopooza, anavyotembea, anavyoongea, kama hupaliwa anapokula, dawa zake, na nani apigiwe simu. Ukurasa huo ni muhimu kuliko katiba, kwa sababu mdomo wa mwanachama huenda ulishapinda tangu zamani. Msitafute mdomo uliopinda, tafuteni mabadiliko: mkono uliokuwa unanyanyuka sasa haunyanyuki, maneno yaliyokuwa wazi sasa yanavurugika, uso umeanguka zaidi ya kawaida yake. Hapo asipewe maji, chakula wala aspirini. Andikeni saa aliyoonekana mara ya mwisho akiwa sawa, apelekwe hospitali hapo hapo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo.

Presha ipimwe kabla ya michezo, kwenye mkono mzima, mtu akiwa ametulia kitini dakika 5. Ikifika 180 juu au 110 chini, apumzike na kupimwa tena baada ya robo saa. Isiposhuka, leo ni mtazamaji na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiambatana na kichwa kuuma sana, maumivu ya kifua au kuona ukungu, ni dharura.

Sasa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kusambaza kete moja moja ni zoezi ambalo mtu atalirudia asubuhi nzima bila kulazimishwa. Mezani, si mkekani, na kiwiko kipate pa kulala. Chini ya bao wekeni kipande cha mpira wa ndani wa tairi, la sivyo linateleza kila mchezaji wa mkono mmoja anapochota. Anayeanza au aliyepungukiwa kumbukumbu asianze na namua, yaani hatua ya kuingiza kete za akiba moja moja, sheria zake ni nyingi. Apange kete mbili mbili kila shimo na kuanza moja kwa moja. Mkono dhaifu usambaze kete mbili za kwanza, mzima umalizie. Kete za komwe zikimponyoka, mpeni kokoto zenye ukwaruzo.

Kuna tatizo ambalo wengi hulidhania ni ujinga. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo kinaweza kumfanya mtu asiutambue upande wa kushoto ingawa macho yake ni mazima: ataruka mashimo ya kushoto kana kwamba hayapo, na mpinzani atamla bure. Bandikeni utepe mwekundu ukingo wa kushoto na azoee kuugusa kabla ya zamu yake. Fundi wa bao aliyepoteza usemi anaweza bado kuwafunga nyote. Msimwachie ashinde, atajua.

Kwa huyo aliyepoteza usemi, ulizeni swali moja la ndiyo au hapana, onyesheni kitu chenyewe, kisha subirini kimya. Kumalizia sentensi yake ni kumnyang'anya. Jaribuni kuimba: kaswida, nyimbo za kwaya au taarabu ya ujanani mara nyingi hutoka kinywani mwa asiyeweza kutaja jina lake.

Mchezo wa boccia, wa kurusha mipira isogelee mpira wa shabaha, uliomo katika Paralimpiki tangu 1984, huchezwa mkiwa vitini. Shoneni mipira 13 kwa soksi kuukuu, 6 ya rangi moja, 6 ya nyingine na 1 mweupe wa shabaha. Jazeni mchanga uliochanganywa na pumba za mpunga hadi gramu 275 kwenye mizani ya dukani. Mchanga mtupu huwa mzito mno. Asiyeweza kurusha ateremshe mpira kwenye bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu.

Gunia la mchicha au sukuma wiki hujazwa ndoo tatu za udongo kwa moja ya samadi, na nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji. Kimo cha sentimita 70 kinamfaa aliyeketi. Mkono usiohisi ukaguliwe baada ya kazi, kwani unaweza kukatwa mwenyewe asijue.

Wakati wa chai, anayepaliwa apewe uji mzito badala ya chai nyepesi, aketi wima, na abaki wima nusu saa. Walezi nao wakae peke yao nje dakika 30. Kuna mambo hawawezi kuyasema mbele ya mgonjwa.

Wapo watakaosema amepigwa na upepo. Msibishane, dua na dawa za presha hazizuiani. Sisitizeni tu kwamba dawa zisikatishwe.

Kuhusu fedha, tuna msimamo: msianze kwa kuweka hisa. Hisa zikiingia, asiye nazo hutoka, naye ndiye aliyehitaji kijiwe zaidi. Mchango wa chai na bajaji uwe mdogo na hiari. Tanzania, katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu; afisa maendeleo ya jamii atawaeleza masharti. Wanaotaka mkopo huo waunde kikundi chao kando, chenye daftari na mhazini wake.