Jinsi ya kumsaidia mama mwenzio mwenye VVU, kuanzia mimba mpaka mtoto apate majibu ya mwisho

Mama akiambiwa ana VVU na tumboni kuna mtoto, maelezo mengi ya nesi siku hiyo yanampita tu, anawaza mume atasemaje, mtoto atakuwaje, ntakufa lini. Hapo ndo anahitajika mama mwingine aliyepita njia hiyohiyo. Sio uchukue kazi ya nesi, we ni mtu wa kukaa naye na kumfuatilia basi. Na jambo lenyewe sio la jana, shirika la mothers2mothers lilianza nalo Cape Town mwaka 2001.

Kwanza jiangalie mwenyewe, dawa zako unameza vizuri na hali yako umeshaikubali? Manake kama bado unajificha mtaishia kulizana tu. Halafu uwe na nesi mmoja mnayeelewana, maswali mengine sio yako kujibu.

Siku ya kwanza usihubiri. Akilia mwache alie. Akitulia mwambie kwa kifupi na we unatumia dawa, na kama mtoto wako alipimwa akakutwa hana virusi mwambie, kama haikuwa hivyo usidanganye. Mambo ya kumpa ni mawili tu: dawa anaanza sasa na haachi, na mtoto anaweza kukua bila virusi. Akitaka namba, bila hatua yoyote watoto 15 mpaka 45 katika kila 100 wanaambukizwa, dawa zikitumika vizuri wanashuka chini ya 5.

Sasa siri, na hapa ndo wengi wanaharibu bila kujua. Muulize mapema simu yako anaishika nani mwingine, nikikukuta njiani nikusalimie au nipite, na nikija kwako nijitambulishe kama nani. Meseji usiandike dawa wala kliniki, andika tu "Jumanne ile shughuli yetu ipo" atakuelewa. Kama mna grupu la WhatsApp usimuingize mtu bila kumuuliza, manake akiingia tu namba yake wameshaiona wote, na jina la grupu liwe la kawaida kabisa, mambo ya "Mama Jasiri na VVU" yaacheni jamani.

Kumwambia mume usimsukume. Muulize kwanza kama huwa anapigwa au kutishiwa, kama ndio hilo ni la mshauri wa kliniki, na tarehe ya kusema anapanga yeye. Kama hakuna hatari fanyeni mazoezi, we uwe mume, uulize yale maswali mabaya yote, "umeutoa wapi?", naye ajibu mpaka sauti iache kutetemeka. Wengine wanaona afadhali waende wote kliniki wakapime pamoja, na mama mwenyewe apimwe upya kama vile ndo mara ya kwanza.

Kwenye dawa usiulize "unameza?" kila mtu atasema ndio. Uliza jana ulimeza saa ngapi, unaziweka wapi, wageni wakija inakuwaje. Na kitu kimoja kinasahaulika sana, wajawazito wanapewa vidonge vya madini ya chuma, sasa kama ARV zake (hizo dawa za VVU) zina dolutegravir ndani yake, akimeza vyote pamoja tumbo tupu ile dolutegravir haiingii mwilini vizuri. Ameze pamoja na chakula, au ARV zitangulie masaa mawili, au zisubiri masaa sita baada ya chuma. Mwambie akahakikishe na nesi.

Baada ya kujifungua ndo usimwachie kabisa, wengi wanapotelea hapo, usingizi hapati, mtoto analia, pengine kaenda kukaa kwao. Kabla hajasafiri awe na dawa za kutosha na barua ya kuhamia kliniki nyingine. Wiki ya kwanza mtembelee, mwambie akuonyeshe anavyovuta sirapu ya mtoto (dawa ya kumkinga na VVU) kwenye bomba la kupimia dawa, usikubali kusimuliwa. Kama kliniki imemshauri anyonyeshe basi miezi sita ni ziwa tupu, maji hapana, uji hapana, kuchanganya kunaongeza hatari, na bibi wa mtoto atasema mtoto ana kiu, kwahiyo muandae jibu mapema (daktari amekataza, linatosha). Akiongea habari za kujidhuru au kumdhuru mtoto usimwache peke yake, mpeleke kliniki sikuhiyohiyo.

Vipimo vya mtoto, cha kwanza wiki 4 mpaka 6, kingine kama miezi 9, halafu cha mwisho miezi 18 au miezi mitatu baada ya kuacha kunyonya, kile kinachochelewa zaidi. Kile kipimo cha haraka cha kawaida kabla ya miezi 18 kinaweza kuonyesha kinga za mama na sio virusi vya mtoto, kwahiyo asishtuke akasema yameisha, asubiri kile cha maabara.

Mtoto akikutwa na virusi, huyo mama ataacha kuja kwenye kikundi, maana kila anayekaa pembeni yake anashangilia majibu mazuri. Mfuate wewe kwanza, usimuulize alikosea wapi, kaa naye, halafu mpelekeni mtoto akaanze dawa bila kungoja, watoto wadogo hawasubiri wiki ijayo.